Bongo Fleva wanasingiziwa: nani hasa aliua bendi zetu za jazz?

#1 Kinanda Kibovu
Wakuu, habari.

Kila uzi wa muziki wa dansi humu lazima atokee mtu aseme "Bongo Fleva ndiyo iliyoua bendi". Leo nataka tubishane vizuri. Mimi nasema hawa vijana wanasingiziwa. Redio One imeanza kurusha matangazo 1994, na hapo ndipo rap ya Kiswahili ilipoanza kupata pa kusikika. Haya, nitajieni kati ya Morogoro Jazz, Western Jazz na Kilwa Jazz ni ipi ilikuwa bado inajaza ukumbi mwaka huo. Hakuna. Zilishazikwa zamani, na matanga yakaanuliwa. Maiti haiuawi mara ya pili.

Hoja yangu ni hii: bendi za jazz hazikukosa wapenzi, zilikosa mlipaji. Weka jukwaani mpiga solo, rithimu, besi, dramu, tumba, tarumbeta mbili, saksafoni mbili, waimbaji wanne, halafu na fundi mitambo na mtu wa mlangoni. Hao wote wana wake na watoto. Kiingilio cha ukumbi mmoja hakijawahi kuwatosha. Kwa miaka mingi walilishwa na mashirika ya umma; mashirika yalipoyumba, nao chali.

Mwenye hoja nyingine aje nayo, asije na matusi.

#2 Dogo wa Sinza
Nimekaa siti ya mbele. Ila kabla hamjafika mbali, hizo zilikuwa jazz kweli? Nimemsikiliza Miles Davis, nimeisikiliza bendi ya Msondo, undugu wao siuoni.

#3 Mzee wa Saboso
Dogo, shikamoo yako naidai.

Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa 1932. Wakati huo Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta wa Marekani, ni kijana wa miaka 31, na jazz ndiyo dansi la mjini dunia nzima. Mtu akipata tarumbeta, dramu za kusimamisha na suti, anajiita Jazz, kama leo kila mwenye kompyuta na maikrofoni anavyojiita studio. Mapigo yenyewe yalitoka kwingine. Tulikuwa na beni tangu enzi za Mjerumani, zile ngoma za tarumbeta na magwaride ya vyama vya Marini na Arinoti. Halafu kuanzia 1933 zikaingia Afrika santuri za GV, ambazo nyingi zilikuwa muziki wa Cuba. Wazee wakazikariri mpaka Kihispania wakawa wanakiimba bila kujua wanasema nini. Morogoro kulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, jina lenyewe linajieleza.

Na si sisi tu. Leopoldville, Kinshasa ya leo, walikuwa na African Jazz ya Kabasele, na mwaka 1956 ikaja OK Jazz ya kina Franco. Wote rumba tupu. Armstrong mwenyewe alipofika Leopoldville mwaka 1960 alibebwa kwenye kiti kama mfalme, kwa hiyo wenye mji walijua hilo jina limetoka wapi.

Kuhusu hoja ya mleta uzi, nakubali nusu. Nusu nyingine nitaileta nikipata muda.

#4 Dogo wa Sinza
Shikamoo mzee 😂

#5 binti_Chumbageni
Mimi ni wa Tanga, nyumba tuliyokulia baba alikuwa mpiga besi. Sitaitaja bendi wala mwenye vyombo kwa sababu familia zao bado tunasalimiana.

Mleta uzi anasema mashirika. Bendi nyingi za mikoani hazikuwa na shirika lolote nyuma yake. Zilikuwa na bwana mmoja mwenye duka au baa aliyenunua vyombo. Mkikorofishana naye, anakuja na pikapu asubuhi, anabeba spika, anabeba magitaa, mwisho wa bendi. Baba alikuwa anasema wao walikuwa na nyimbo, mwenzao ana nyaya. Bendi yao haikufa kwa kukosa watu, Tanga ilikuwa inacheza kila wiki. Ilikufa siku ile vyombo vilipoondoka, na wapigaji watatu wakapanda basi kwenda Nairobi.

#6 Kinanda Kibovu
Binti, hapo si umenipa ushahidi? Mlipaji ameondoka, bendi imeondoka.

#7 binti_Chumbageni
Hapana kaka. Mlipaji wako alifilisika. Wetu alinuna tu.

#8 Mpaka wa Namanga
Mnazunguka. Jibu ni 1977.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Nyimbo zilirekodiwa RTD, yaani Redio Tanzania, kwa ajili ya kurushwa hewani, lakini mtu akitaka sahani ya kuuza dukani ilibidi biashara ipite Nairobi. Ndiyo maana wakubwa wote wa wakati ule utawakuta kwenye lebo za Kenya. Februari 1977 mpaka ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Miaka zaidi ya sita! Bendi inatoa nyimbo kali, zinasikika redioni, shilingi ya santuri haiji. Unadhani kwa nini kina Kinyonga wa bendi ya Simba Wanyika walibaki Nairobi hukohuko?

Msiniambie habari za Bongo Fleva.

#9 Chupa ya Chai
Mkuu hapo juu umesahau jambo kubwa. Jazz za Tanzania zilikufa na Mbaraka Mwinshehe. Jamaa alipopata ajali pale Morogoro mwaka 1980 ndiyo taa ikazimika.

#10 Mzee wa Saboso
Jina lako na unachotuletea vinalingana. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari MOMBASA, Januari 1979. Na hakuwa tena Morogoro Jazz. Aliondoka 1973 akaunda Super Volcano. Aliyefariki kwa ajali huku kwetu ni Salum Abdallah, mwaka 1965.

Halafu hiyo nadharia ya "nyota kafa, bendi imekufa" ina tundu. Salum alipoondoka, Cuban Marimba ilishikwa na Juma Kilaza na watu wakaendelea kucheza. Morogoro mji mdogo ule ulikuwa na bendi mbili kubwa zinazotunishiana misuli. Morogoro Jazz ndiyo ilikwenda Japani kwenye maonesho ya Osaka 1970. Mji ambao leo ukiuliza bendi unaoneshwa spika ya baa.

#11 Chupa ya Chai
Ajali ni ajali mzee, mimi nimetoa hoja.

#12 Ohio Kaskazini
Salaam kutoka kwenye baridi. Nimevutiwa na hesabu ya mleta uzi kwa sababu ndiyo hiyohiyo iliyowapiga Wamarekani wenye jazz yao.

Miaka ya 30 jazz ndiyo ilikuwa pop ya Marekani. Bendi za swing zilikuwa na watu 15 na kuendelea, zinasafiri kwa basi na treni, kumbi zinajaa. Januari 1938 Benny Goodman akapiga Carnegie Hall, ukumbi wa wenye kola ngumu. Watu hudhani rock ndiyo iliyoua hii kitu, lakini rock imekuja imekuta jeneza limeshachongwa:

Agosti 1942 chama cha wanamuziki kiligoma kurekodi, wakidai kampuni za santuri ziwalipe fungu. Mgomo ukavuka miaka miwili kwa kampuni kubwa. Waimbaji hawakuwa wanachama, kwa hiyo wao wakaendelea kurekodi na kwaya nyuma yao badala ya bendi. Mgomo ulipoisha, msikilizaji alikuwa ameshamzoea mwimbaji, bendi imegeuka pazia la nyuma.

Halafu 1944 serikali ikaweka kodi ya kumbi za starehe, 30% mwanzoni, baadaye 20%. Ukiwa na kuimba au kucheza, unalipa. Watu wakikaa kwenye viti wakasikiliza vyombo tu, hulipi. Mwenye ukumbi unadhani alichagua nini? Vikundi vya watu wanne watano, hakuna kucheza. Bebop, jazz ile ya vikundi vidogo ya kina Charlie Parker na Dizzy Gillespie, ilikuwa na sababu zake za kisanii, sikatai, ila kodi ile iliifungulia mlango.

Mwaka 1950 hata Count Basie alilazimika kuvunja bendi kubwa akabaki na kikundi kidogo kwa muda. Duke Ellington hakuvunja. Kwa nini? Alikuwa anachukua mirabaha ya nyimbo alizotunga anawalipa wapigaji wake. Hiyo ndiyo tofauti.

#13 Dogo wa Sinza
Huyu katema madini. Kumbe mwimbaji peke yake bila bendi haikuanzia Bongo.

#14 Nyuma ya Ukumbi
Ohio, ahsante. Hapo kwenye mirabaha ndipo pa kukaa.

Nimewahi kufanya kazi za mlangoni kwenye ukumbi mmoja Dar, miaka ya 80 mpaka mwanzoni mwa 90, nawajua baadhi ya hao wazee. Bendi ya shirika maana yake wewe ni mwajiriwa. Nuta Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima, UDA Jazz ya mabasi, Polisi, Magereza, JKT, Vijana Jazz ya vijana wa chama. Una mshahara, una sare, ukiumwa unatibiwa. Hakuna mwanamuziki Afrika Mashariki aliyekuwa na uhakika kama ule. Lakini vyombo vya shirika, jina la shirika, na wimbo ulioutunga usiku ukilia na mkeo unarushwa redioni miaka thelathini bila wewe kuona senti. Sheria ya hakimiliki yenye meno ya kuwafikia imekuja 1999, na hapo nusu yao wako makaburini.

Kwa hiyo mleta uzi anaposema "mlipaji aliondoka", mimi nasema mlipaji huyohuyo ndiye aliyewafanya wasijue kujilipa.

#15 Kinanda Kibovu
Nyuma ya Ukumbi, sentensi yako ya mwisho nitaifikiria, lakini siikubali. Bila yale mashirika wengine wasingeshika hata gitaa. Nani angemnunulia kijana wa Kigoma saksafoni mwaka 1970?

#16 Nyuma ya Ukumbi
Mwenye duka wa binti_Chumbageni 😀

#17 binti_Chumbageni
Msinitanie wazee wangu.

#18 Fundi Spika
Mnajadili siasa, mimi ni fundi. Baada ya vita vya Kagera nchi haikuwa na fedha za kigeni. Nyuzi za gitaa hakuna. Nimeona kwa macho yangu mtu anavua waya wa breki ya baiskeli anaufunga kwenye gitaa la besi. Rizi ya saksafoni inatumika mpaka inatoka nyuzinyuzi. Ngozi ya dramu imepasuka inabandikwa plasta ya hospitali. Amplifaya ikiungua, transista ni mpaka baharia akuletee.

Sasa kijana wa 1984 anaenda disko, anakuta mtu mmoja na sahani mbili, sauti safi, besi inagonga kifuani. Anavuka barabara, bendi ya watu kumi na tano, spika inakoroma. Angechagua nini? Disko iliua jazz kwa usafi wa sauti. Mengine ni maneno.

#19 Mpaka wa Namanga
Fundi, miaka hiyohiyo unayoisema ndiyo Mlimani Park, yaani Sikinde, walipokuwa juu kabisa. Sikinde na Msondo walikuwa wanapasua mji na hayohayo maspika yanayokoroma.

#20 Fundi Spika
Mlimani Park nani alikuwa anawatengenezea? Uliza vizuri.

#21 Chupa ya Chai
Sikinde walikuwa na bahati, DDC, shirika la maendeleo la Dar, ndiyo waliowaanzisha, walikuwa na ukumbi wao.

#22 Nyuma ya Ukumbi
Chupa umerudi. Mlimani Park imeanza 1978 chini ya TTTS, kampuni ya usafiri na teksi. DDC waliichukua 1983. Na waliounda kikosi ni waliotoka Juwata, yaani Nuta ya zamani, ndiyo hiyo Msondo, mwimbaji Gurumo akiwa mmoja wao. Baadaye Gurumo huyohuyo akaenda Safari Sound, kisha akarudi Msondo.

Na hapa naweka nadharia nyingine mezani: wanamuziki wenyewe. Kuhama kila mtu akiongezewa kitu kidogo. Bendi inafanya mazoezi miezi sita, ikikaa sawa, mwenye pesa anakuja usiku na bahasha, asubuhi umebaki na mpiga tumba.

#23 Mzee wa Saboso
Napinga. Kule kuhama ndiko kulikokuwa kunaleta watu ukumbini. Fulani kahama, atajibiwaje? Wimbo wa mafumbo unatungwa, upande wa pili nao wanajibu. Kila bendi na mtindo wake: Western Jazz Saboso (jina langu mnalijua sasa), Tabora Jazz Segere Matata, Polisi Vangavanga, Vijana Jazz Pamba Moto. Watu walikuwa wanapigana ngumi za Simba na Yanga juu ya Msondo na Sikinde. Upinzani haujawahi kuua muziki. Kilichoua ni kimya.

#24 Jaduong' wa Kondele
Habari zenu jirani. Nimesoma yote na naona mnasahau kuna bendi zilizoitwa Jazz ambazo hazikukufa mapema vile. Huku Nyanza tulikuwa na Shirati Jazz na Victoria Jazz. Hiyo ni benga, lakini jina ni jazz tu. D.O. Misiani alizaliwa Shirati, upande wenu, na alipiga mpaka ajali ikamchukua hapa Kisumu mwaka 2006. Western Jazz yenu ilikuwa wapi 2006?

Siri ni nini? Watu watano. Gitaa mbili, besi, dramu, sauti. Hakuna tarumbeta ya kulisha. Mazishi, harusi, baa ya soko, mnaingia kwa matatu moja na vyombo juu. Tena alirekodi na kuuza sahani bila kungoja shirika la serikali.

#25 Kinanda Kibovu
Jaduong', karibu sana. Umenisaidia kuliko watu wa kwetu. Watu watano wanalipika.

#26 Ohio Kaskazini
Sawasawa na waliohama kutoka swing kwenda vikundi vidogo.

#27 Mzee wa Saboso
Kama ni idadi, mbona Wazaire waliokuja Dar walikuwa kundi zima la watu na walitamba? Maquis wamefika miaka ya 70, wakajiundia hadi kampuni yao, OMACO. Nao walikuwa na tarumbeta, walikuwa na kila kitu. Idadi si jibu.

#28 Kinanda Kibovu
Mzee, na Maquis wako wapi leo?

#29 Mzee wa Saboso
...Umenifunga goli moja. Mechi haijaisha.

#30 Kanga Moja
Wanaume mnaongea kama mlikuwa mnacheza peke yenu. Mimi nasema taarab ndiyo iliyomaliza kazi. Miaka ya 90 mwanzoni vikundi vya Muungano na TOT walipoanza kurushiana vijembe, wanawake tuliacha kwenda dansini. Mwanamke akiacha kwenda, mwanaume atamfuata nani ukumbini? TOT ilianzishwa 1992 na chama hichohicho kilichokuwa na Vijana Jazz. Mlipaji hakuondoka bwana Kinanda, alibadilisha meza tu. Aliona Khadija Kopa akisimama jukwaani watu wanajitokeza na noti wenyewe.

#31 Nyuma ya Ukumbi
Kanga Moja hapa nasimama kukupigia makofi. Nilikuwa mlangoni, niliwaona mkipungua.

#32 Fundi Spika
Taarab hiyo ilipigwa kwa kinanda kimoja cha umeme kinachofanya kazi ya watu sita. Narudi kwenye ufundi.

#33 Dogo wa Sinza
Swali: wale wazee baada ya bendi kufa walienda wapi?

#34 binti_Chumbageni
Wangu alifungua duka la kushona. Gitaa alilitundika ukutani, sisi watoto marufuku kuligusa.

#35 Mzee wa Saboso
Wengine walikusanywa miaka ya 90 wakaunda Shikamoo Jazz, HelpAge, shirika la kusaidia wazee, wakasaidia vyombo. Salum Zahoro wa Kiko Kids ya Tabora alikuwemo. Mwaka 1995 walizunguka Uingereza na Bi Kidude. Wazungu wakalipa kiingilio kumwona mzee ambaye Kariakoo hapati hata soda ya bure. Lakini kuna waliomaliza vibaya. Wengine walikwenda kwenye injili, kama Cosmas Chidumule, na sauti yake ilikuwa bado ileile.

#36 Ohio Kaskazini
Nao wa huku walipitia hayo. Buddy Bolden wa New Orleans, anayehesabiwa kati ya waanzilishi, aliingizwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1907 na hakutoka mpaka kifo, 1931. Hakuna hata santuri yake moja iliyobaki.

Leo jazz yao inaishi kwa njia nyingine kabisa: vyuo vikuu, wafadhili, taasisi kama Jazz at Lincoln Center. Wynton Marsalis alipata Pulitzer 1997. UNESCO imeitengea siku, 30 Aprili. Inaheshimiwa sana, na kwenye mauzo ni kipande kidogo tu cha muziki wa nchi ile.

#37 Kinanda Kibovu
Kwa hiyo na wao wamepata shirika la umma, sema lina kapeti. Hoja yangu imefika Marekani.

#38 Nyuma ya Ukumbi
Tofauti ni kwamba nyimbo zao zimehifadhiwa, zina majina ya watunzi, na mjukuu anapokea. Zetu ziko kwenye mikanda ya RTD, na mtandaoni kuna mtu kaziweka na picha ya machweo ya jua, chini kaandika "zilipendwa mix", anakula pesa ya matangazo.

#39 Mpaka wa Namanga
Zilipendwa mix part 4 ndiyo ninayosikiliza hivi sasa, nisamehe 🙈

Ila sijaona aliyejibu kuhusu 1977. Mmeikwepa kwa adabu.

#40 Jaduong' wa Kondele
Nikujibu mimi. Mpaka kufungwa kulitusaidia sisi. Tukabaki na Simba Wanyika, halafu 1978 wakamegeka tukapata na Les Wanyika. Bendi safi za Kenya.

#41 binti_Chumbageni
Za wapi??

#42 Mzee wa Saboso
Wilson na George Kinyonga ni watoto wa Tanga. Jamhuri Jazz ya Tanga, kisha Arusha Jazz, ndipo Nairobi. Usituchokoze kaka.

#43 Jaduong' wa Kondele
Kuzaliwa ni Tanga, sawa. Walikula wapi? Walirekodi wapi? Nani alilipa kiingilio?

#44 Kanga Moja
Misiani wenu kazaliwa Shirati, Wanyika wetu wamehamia Nairobi. Tubadilishane basi, kila mtu achukue wake.

#45 Jaduong' wa Kondele
Misiani hatutoi.

#46 Fundi Spika
Mkishamaliza kugawana, kuna mwenye namba ya fundi anayechomelea koni za spika inchi 15? Wangu kahama Mbagala.